Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: abiria wa daladala ana mtetezi, mgonjwa hana

Mbagala Rangi Tatu,
Temeke, Dar es Salaam.

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUUNDIWA OFISI HURU YA MTETEZI WA WAGONJWA

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya hii nimeandika barua nne, zote kwa utaratibu, kimyakimya, kama mtu mwenye adabu anavyotakiwa. Moja niliipeleka hospitali, moja kwenye mfuko wa bima, mbili kwa wakubwa wao. Nakala tatu zina muhuri wa "IMEPOKELEWA". Ya nne mhudumu wa masjala aliniambia muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko semina. Miezi kumi na moja imepita, sijajibiwa hata mstari mmoja. Ndiyo maana leo nasema mbele za watu.

Hospitali sitaitaja, bima sitaitaja, na ofisi zilizokaa na barua zangu sitazitaja pia. Sitafuti daktari wa kufukuzwa kazi. Ninachoomba ni kikubwa kuliko hicho, na kukieleza inabidi nianze na mguu wa mama yangu.

Mama ana miaka 71 na amekaa na ugonjwa wa sukari muda mrefu. Mwaka jana alitoka kidonda mguu wa kushoto kikakataa kupona, tukampeleka hospitali. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na bima ninayokatwa kila mwezi inamhusu na yeye. Pale mapokezi kuna kimashine cha kusoma alama za vidole. Mama amelima mihogo na kubangua korosho Mkuranga tangu usichana wake. Vidole vimesagika vikawa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha. "Bonyeza tena, mama. Pangusa mkono, bonyeza tena." Mara tisa, nilihesabu. Mara ya tisa yule binti akanitazama kwa huruma, akasema mfumo haumtambui. Tukalipa taslimu ili apate kitanda, kwa ahadi kwamba fedha itarudishwa. Haijarudi.

Siku ya nne asubuhi dada yangu alipeleka uji, akamkuta mama kafungwa bandeji hadi kifundoni. Vidole viwili havipo. Mama mwenyewe hakuwa na habari. Ganzi ilikuwa haijaisha, naye alijua wamesafisha kidonda tu. Aliyempa habari ni binti yake, aliyeisoma kwenye karatasi iliyokuwa imetundikwa upande wa miguuni mwa kitanda, kijiko cha uji bado kiko mkononi.

Tuliambiwa fomu ya ridhaa ipo. Ni kweli, ipo, nilionyeshwa kwa mbali, kama mtu anavyoonyeshwa picha ya ndugu wa rais. Ina alama ya dole gumba, wino wa bluu, na mistari inaonekana vizuri kabisa. Dole lilelile ambalo mashine ililikataa mara tisa. Sisemi imeghushiwa, wino ni wino na mashine ni mashine. Mama anakumbuka kwamba usiku, taa za wodi zimezimwa na miwani yake ameiacha Mbagala, kuna mtu alimwambia, "Bibi, weka dole hapa." Akaweka. Alidhani ni mambo ya chakula.

Baadaye tulimpeleka kwa daktari mwingine, hospitali nyingine. Akautazama mguu kwa utulivu, akatuambia vidole vile visingepona, na vingeachwa pengine tungekuwa tunazungumzia mguu mzima. Kwa hiyo aliyekata huenda ameuokoa mguu wa mama yangu, na nikikutana naye nitamshukuru kwa mikono miwili. Lakini nani alimwambia mama?

Barua zangu zote nne ziliuliza maswali matatu. La kwanza ndilo hilo. La pili: kwa nini bili inaonyesha kidonda kimesafishwa mara 18 kwa siku tisa, wakati dada yangu, ambaye hulala na daftari la kurasa 48 chini ya mto na kuandika kila anachokiona, amehesabu mara saba? La tatu nitalisema mwisho.

Katika kuzungushwa na maswali hayo, nimejifunza mambo ambayo naomba niyaweke mezani kwako.

1. Mgonjwa hawezi kulalamika akiwa kitandani. Hili, Mheshimiwa, ndilo jambo ambalo watu wanaopanga mifumo ya malalamiko hawalioni, labda kwa sababu wanapanga wakiwa wazima. Siku ya tano nilitaka kwenda kwa mganga mfawidhi. Mama alinishika shati. "Mwanangu, utaondoka hapa saa mbili usiku. Mimi nitabaki nao. Sindano ya saa sita atanichoma nani?" Nikakaa chini. Mama wa kitanda cha jirani akaitikia kwa kichwa. Yeye alikuwa ameandikiwa dawa ambayo dirishani aliambiwa haipo, akanunue nje, na mwanawe alikuwa ameshauza simu.

Kuna sanduku la maoni ukutani, pembeni ya ngazi. Kufuli lake limeshika kutu, na kwenye tundu kuna karatasi zimejazana hadi mpya haiingii. Niliuliza ufunguo anao nani. Mlinzi alicheka, na mimi nikacheka, tukaishia hapo.

2. Milango ni mingi na kila mmoja unaonyesha mwingine. Nimeelekezwa kwamba daktari akikosea ninaye Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Duka la dawa lina Baraza la Famasi, na dawa yenyewe ikiwa mbovu ni kazi ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Bima ikisumbua kuna TIRA, mamlaka inayosimamia bima, halafu kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hospitali ikiwa binafsi kuna bodi yake ya ushauri. Ikiwa zahanati au kituo cha afya cha serikali, unaulizwa kama umeanzia halmashauri, kwa maana hivyo viko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa.

Sidharau chombo hata kimoja hapo. Ila vimegawana mguu wa mama yangu. Swali la ridhaa linakwenda kwa huyu, la bili kwa yule, la mashine ya vidole kwa mwingine, na mabaraza ya taaluma yaliwekwa kusimamia taaluma: yanaweza kumwonya mtu au kumfuta kwenye daftari la usajili, lakini hayakai na familia kuisomea faili wala kuihakiki bili. Ugonjwa ni mmoja, kitanda ni kimoja, na anayetakiwa kujua kipande kipi kinakwenda wapi ni bibi wa miaka 71 au mtoto wake anayeomba ruhusa kazini. Mimi nimeishia kidato cha sita na nimezoea kufuatilia nyaraka za forodha, kazi ambayo nayo ni ya milango. Bado nimepigwa danadana. Yule mama aliyekuja kutoka Chanika na mtoto mgongoni atafika mlango wa ngapi?

3. Huduma nyingine zina watetezi kwa mujibu wa sheria. Bili ya maji ikija na tarakimu za ajabu, au umeme ukileta kisirani, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Anayesafiri kwa basi analo baraza la watumiaji wa usafiri ardhini. Anayepanda ndege, ambao si wengi hapa Mbagala, analo lake. Kifurushi cha simu kikiyeyuka usiku, lipo la mawasiliano. Juu ya hayo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Taifa la Utetezi wa Mlaji. Nchi yetu inaijua kazi hii na imeifanya zaidi ya mara moja. Konda akinizidishia nauli ya mia mbili nina wa kunisemea. Mama yangu alipolala akaamka amepungua vidole, hakuwa naye.

4. Bima ya Afya kwa Wote inakuja na wateja wapya mamilioni. Bunge lilipitisha sheria hiyo Novemba 2023, nami niliifurahia na bado naifurahia. Lakini tukumbuke yaliyotokea katikati. Mwaka huohuo wa 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi ulisimamishwa, kadi ya bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Sababu za kifedha zilielezwa, na naamini zilikuwepo; mfuko hauwezi kuishi ikiwa wanaoingia ni watoto wagonjwa peke yao. Kisha tarehe 1 Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zikasitisha huduma kwa wanachama wa NHIF, kwa kutokukubaliana na kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipia. Hospitali zilikuwa na chama chao cha kuwasemea. Mfuko ulikuwa na wataalamu wake, na Wizara ilikuwa na wewe au aliyekutangulia. Wanachama, ambao fedha iliyokuwa ikigombaniwa ni yao, walipata taarifa wakiwa mapokezi na kadi mkononi, wengine na mtoto anachemka homa.

Nasema hivi bila kuamua nani alikuwa na haki kati ya mfuko na hospitali. Bei za kitita ni hesabu ngumu na kila upande ulikuwa na karatasi zake. Ninachouliza ni kiti cha mgonjwa kwenye meza ile kilikuwa wapi.

5. Faili. Tuliomba nakala ya faili la mama ili daktari wa pili ajue kilichofanyika. Tukaambiwa faili ni mali ya hospitali. Sawa, karatasi ni zao. Na yaliyoandikwa humo ni ya nani?

Mheshimiwa Waziri, najua majibu yatakayoandaliwa, kwa sababu baadhi nimeshayasikia kwenye makorido.

Nitaambiwa wapo maafisa ustawi wa jamii na dawati la huduma kwa wateja. Wapo, na afisa ustawi mmoja alinipa kiti na kunisikiliza nusu saa nzima, Mungu ambariki. Lakini bosi wake ni mganga mfawidhi. Anapomwombea mzee msamaha wa malipo, anapunguza mapato ya hospitali inayompangia kazi. Akisimama na mgonjwa dhidi ya hospitali hiyohiyo, kesho atakaa wapi? Aliniambia mwenyewe, akiangalia mlango: "Kaka, mimi naweza kukuombea. Kukutetea siwezi."

Nitaambiwa ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Naiheshimu, na naikumbuka asili yake: mwaka 1966 nchi hii ilikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chombo cha kumsikiliza mwananchi aliyeonewa na mwenye madaraka, wakati nchi nyingi za bara hili hazijawaza hilo. Lakini tume ile ina ardhi, ina polisi, ina magereza, ina nchi nzima. Bili ya kusafisha kidonda itasubiri foleni nyuma ya mambo hayo, na haki yake ndiyo hiyo. Mahakama? Kwa bei ya wakili tungeshamnunulia mama dawa za sukari za miaka.

Nitaambiwa madaktari na wauguzi watavunjika moyo, wataogopa kufanya kazi. Hapa naomba nisieleweke vibaya. Nimekaa wodini siku tisa. Usiku mmoja niliona muuguzi mmoja na wodi nzima, anakimbia na dripu mbili kwa mkono mmoja, viatu kavua. Huyo naye hana mtetezi. Mtetezi wa wagonjwa akiandika kwamba kidonda hakikusafishwa kwa sababu zamu ilikuwa na mtu mmoja, atakuwa amemsaidia muuguzi kuliko semina kumi za lugha nzuri kwa mteja. Mimi sina shaka kwamba nusu ya kilichompata mama ni uchovu wa mtu fulani.

Fedha? Mabaraza ya watumiaji niliyoyataja yameanza na watu wachache. Ofisi hii nayo ianze hivyo.

Na wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Afrika Kusini si Ulaya. Kule sheria ya mwaka 2013 iliweka mtetezi wa afya ndani ya mfumo wa kukagua viwango vya huduma. Mwaka 2016 wagonjwa wa akili wa jimbo la Gauteng walihamishwa kutoka vituo vya Life Esidimeni na kupelekwa kwenye asasi zisizokuwa na uwezo wa kuwatunza. Profesa Malegapuru Makgoba, aliyekuwa na ofisi hiyo, alichunguza, na Februari 2017 akatoa ripoti: wamekufa wasiopungua 94, na leseni za asasi zote 27 hazikuwa halali. Idadi ilipoendelea kuchimbuliwa mbele ya Jaji mstaafu Dikgang Moseneke ikafika 144. Ndugu walikuwa wamelalamika mapema. Tofauti ililetwa na mtu mwenye mamlaka ya kufungua mafaili.

New Zealand ilifika huko kwa njia inayomgusa mama yangu moja kwa moja. Mwaka 1988 uchunguzi wa Jaji Silvia Cartwright ulibaini kuwa katika hospitali moja ya Auckland wanawake wenye dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi waliachwa bila tiba kamili ili wafuatiliwe, bila wao kujua. Kutoka hapo ikaja sheria ya mwaka 1994 na kamishna, kisha mwaka 1996 orodha ya haki kumi za mgonjwa, ikiwemo kuelezwa kikamilifu kwa lugha anayoielewa na kukubali kwa hiari yake, pamoja na watetezi wasiolipwa hata senti na mgonjwa. Huko Marekani jimbo la Connecticut liliunda ofisi yake mwaka 1999, na kazi yake kubwa ni ya kila siku kabisa: bima inapokataa kulipa, mtumishi wa ofisi anakaa na mgonjwa, anasoma mkataba, anaandika rufaa. Bure. Hiyo ya Connecticut ndiyo ninayoitamani zaidi, kwa sababu inaanza na karatasi iliyo mkononi mwa mtu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, upelekwe Bungeni muswada wa kuunda Ofisi ya Mtetezi wa Wagonjwa, au yafanyike marekebisho ya sheria zilizopo ikiwa hiyo ndiyo njia fupi. Isiwe idara ya Wizara yako. Nakuomba kwa heshima ukubali kuunda kitu ambacho hutakiamuru.

Pili, wakati sheria inasubiriwa, kianzishwe chombo cha majaribio hapa Dar es Salaam: mtetezi mmoja mmoja Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili, mwenye meza inayoonekana, karibu na mapokezi, si ghorofa ya tatu nyuma ya stoo. Apite wodini pia, kwa sababu wenye shida kubwa hawatembei.

Tatu, awe na haki ya kuona faili na bili pale mgonjwa anaporidhia, na hospitali au bima iwajibike kumjibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Asipojibiwa, jina la taasisi liingie kwenye ripoti ya mwaka inayosomwa mbele ya Kamati ya Bunge inayoshughulikia afya. Hili la kutajwa jina ni muhimu kuliko faini. Wakubwa wetu hulipa faini kwa fedha za ofisi. Jina hulilipia wenyewe.

Nne, kitita cha mafao kinapojadiliwa, mtetezi akae mezani, na watu wapewe taarifa kabla ya siku ya kugomewa.

Tano, fomu ya ridhaa isiwekwe dole usiku, gizani, kwa mtu asiye na miwani na asiye na ndugu karibu, isipokuwa maisha yake yapo hatarini. Hili halihitaji sheria wala bajeti. Waraka mmoja unatosha, na unaweza kutoka kesho.

Nitashukuru kujibiwa. Hata jibu la kukataa nitalipokea, mradi liwe na sababu na sahihi ya mtu.

Nimebakiza swali la tatu. Sisi ni Waislamu, Mheshimiwa, na kiungo kilichokatwa tunakizika. Siku ile dada yangu aliuliza vidole viko wapi akaambiwa aulize chumba cha upasuaji. Chumba cha upasuaji wakamwambia aulize wodini. Mama anatembea sasa, kwa fimbo, anafika hadi dukani kununua chumvi. Kila Ijumaa nikirudi msikitini ananiuliza kama nimejibiwa vilizikwa wapi, nami namwambia bado.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa Kurasini, mkazi wa Mbagala Rangi Tatu
(jina na namba ya simu vimo kwenye nakala niliyoikabidhi kwa mkono)

Nakala:
Kamati ya Kudumu ya Bunge inayoshughulikia Afya
Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa wa Dar es Salaam